Gunia la Funga

Jumatatu, 8 Juni

Leo nimehukumiwa. Mezani, mbele ya chai yangu mwenyewe.

Hakimu ni Janet, mke wa mwanangu Kingi. Kingi naye alikuwepo, kimwili. Alikuwa akikoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka zamani. Janet akasema mdogo wake, Emmah, anakuja Jumapili ya tarehe 21 kuanza masomo ya uuguzi. Nyumba ina vyumba viwili na nusu. Hiyo nusu ndiyo yangu. Alisema kwa adabu sana, Baba hivi, Baba vile, Baba unajua tunavyokupenda. Maana yake: Baba, Kinango kuna hewa safi.

Kinango! Kwa ndugu yangu Chirau, ambaye mazungumzo yake yote ni mbuzi wake, mmoja mmoja, kwa majina! Niliingia kisiwa hiki cha Mombasa nikiwa na nywele. Sitoki hivi hivi.

Nikatafuta la kusema. Mungu akanionyesha Naomi, mjukuu wangu, sakafuni na kikombe cha maharagwe. Yuko Gredi ya Pili. Mwalimu wake ameandika barua: mtoto hajui kuhesabu kwa kuruka. Wenzake wanakwenda mbili, nne, sita. Wanakwenda tano, kumi, kumi na tano. Yeye anakwenda moja moja kwa vidole, na vidole vikimwishia anavua viatu. Na Ijumaa ya tarehe 19 ni siku ya wazazi. Watoto watahesabu kwa kuruka mpaka mia, mbele za watu.

Nikasema: nitamfundisha mimi.

Hata kijiko cha Kingi kilisimama.

Nikawakumbusha nilihesabu magunia ghalani pale bandari ya kale kwa miaka ishirini na saba. Janet hushinda ofisini akiingiza mizigo ya watu kwenye kompyuta. Akanitazama kama mzigo ulioshuka bila karatasi. Kisha akakata shauri. Naomi akifika mia kwa kuruka, Baba anabaki, Emmah atalala na Naomi. Asipofika, Jumamosi asubuhi Baba anapanda gari la Kinango.

Nimekubali kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

Naandika haya nyuma ya daftari la hesabu la Naomi. Lina miraba. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, la tano nililionea dirishani tu, lakini miraba naipenda.

Jumanne, 9 Juni

Somo la kwanza. Ngazi.

Nyumba hii ni ya Bi Ruweida, anayekaa chini na kupika mahamri ya kuuza. Ngazi yake ina vidato kumi na vinne, na imesimama wima kama ukuta wenye kiburi. Wazo langu: mtoto aruke vidato viwili viwili huku akitaja. Mbili! Nne! Sita! Miguu ikizoea, kichwa kitafuata chenyewe.

Naomi akaruka mbili, akaruka nne, akaangalia chini, akasema Babu mimi naogopa, hebu ruka wewe kwanza nione.

Nikaruka. Mbili, safi. Nne, safi. Sita sikuiona. Nilirudi kutoka nne mpaka sifuri kwa makalio, nikipitia nambari zote, moja moja, hakuna niliyoiruka.

Bi Ruweida akatoka na kijiko cha kuepulia mahamri mkononi. Hakuuliza kama nimeumia. Akainama kukagua kidato. Akasema, "Ngazi hii ya marehemu babu yangu, we mzee! Imekukosea nini?" Mjukuu wake Sheikhan, aliye darasa moja na Naomi, alicheka mpaka akakaa chini.

Nimekanda goti kwa maji ya chumvi. Janet ameuliza somo lilikwendaje. Nimemwambia tumefika nne.

Jumatano, 10 Juni

Adui amejitokeza. Odera!

Odera ni mstaafu wa reli, alikuwa gadi wa treni. Ana miaka arobaini na mitatu Mombasa na sasa ni mwenyeji kuliko wenyeji. Hatamki neno bila "yakhe", na kahawa tungu isiyo na sukari anakunywa kwa kashata kama aliyezaliwa hapa Kibokoni. Tunakaa baraza moja kila asubuhi. Hatujawahi kukubaliana, hata juu ya mvua iliyokuwa ikitunyeshea sote wawili.

Mjukuu wake Oliver yuko darasa la Naomi. Leo Odera amemchorea treni ya chaki kwenye sakafu ya baraza. Mabehewa kumi, kila behewa abiria kumi. Mtoto anaruka behewa hadi behewa: kumi, ishirini, thelathini. Odera anapuliza filimbi. Filimbi ya reli! Sisemi aliipataje.

Kufika alasiri, Sheikhan yumo ndani ya treni. Na nani huyo nyuma yake, ameshika shati? Naomi. Damu yangu mwenyewe, abiria wa Odera.

Nikajibu kwa ubuyu. Nilinunua ule mwekundu wenye pilipili, nikaupanga juu ya mkeka mbegu mbili mbili, mpaka ishirini. Nikatangaza: hesabuni kwa kuruka, mkifika mwisho mtakula. Wakaja wote mbio. Hapo akapita mtu niliyemjua, nikageuka kumwamkia. Kwetu huku salamu haiwi ya neno moja. Nilimuuliza hali, na ya nyumbani, na mguu wa mkewe. Kurudi kwenye mkeka, nne haipo. Sita haipo. Kumi na nane iko shavuni mwa Sheikhan, nimeiona kwa macho yangu. Naomi, midomo myekundu, akanifariji: Babu, zimebaki mbili tu, lakini hizi tumezihesabu vizuri.

Odera akapuliza filimbi. Treni ikaondoka na wanafunzi wangu.

Alhamisi, 11 Juni

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, nikapiga kelele, nikajikata. Haidhuru.

Ghalani! Mbona sikufikiri mapema? Mahamali walikuwa wakipita na magunia mgongoni, mimi mlangoni na kalamu. Kila gunia mstari mmoja. Moja, mawili, matatu, manne, matano. Mistari mitano imesimama. Hapo nalia, "Funga!" Nalaza mstari mmoja juu ya ile mitano, fungu limefungwa, hiyo tano. Mahamali nao wanaitikia, "Funga!" na wanapita mbio. Hakuna aliyesimama. Ilikuwa kama ngoma. Mwisho wa siku nahesabu mafungu tu: tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Kuhesabu kwa kuruka ni kitu hicho hicho! Nimekifanya miaka ishirini na saba bila kujua kina jina la shule.

Nikawapa watoto mito ya kulalia, kila mmoja mto wake begani. Kutoka pembe ya kichochoro mpaka mlangoni kwa Bi Ruweida, kila neno hatua moja. "Moja! Mawili! Matatu! Manne! Matano! FUNGA!" Hapo kwenye funga wote wanakanyaga kwa nguvu, wanaita, "TANO!" Halafu wanaendelea. "FUNGA! KUMI!"

Walipenda! Walianza watatu, ikafika saa kumi na moja jioni wako kumi na mmoja. Oliver naye amekuja, amebeba mto wa kochi la babu yake. Treni ya Odera imebaki bila abiria hata mmoja. Gadi peke yake amesimama na filimbi mdomoni, haipulizi.

Leo nalala mapema kwa raha tupu.

Jumamosi, 13 Juni

Kibokoni nzima inafunga. Hata muuza maji na mkokoteni wake, nimemsikia akisema funga kwenye kila mtungi.

Odera alikuja na miwani. Akasimama kando, akawatazama watoto mizunguko mitatu, midomo ikicheza. Kisha akasema yeye hataki kuingilia ufundi wa mtu, lakini mbona kwenye kila tano anaona hatua sita?

Nikamwambia avue miwani.

Akasema kwao reli mistari minne ilikuwa ikisimama, wa tano ndio unalala. "Wewe yakhe umesimamisha mitano, na bado mmoja unalala. Huyo anayelala ni nani?"

Nikamwambia huyo anayelala ni wa kufungia. Kamba ya kuni si kuni. Akasema lakini wakati kamba inafungwa, mtoto amepiga hatua. Nikamwambia reli walikuwa wakihesabu behewa likiwa limesimama, sisi tulihesabu watu wanaokwenda mbio, kwa hiyo asinifundishe kazi. Akaenda zake, anatikisa kichwa. Wivu una sura mbaya, na Odera hakuwa na sura nzuri ya kuanzia.

Jambo moja dogo. Naomi ameuliza: Babu, gunia linalopita kwenye funga linakwenda wapi? Nikamwambia haliendi popote, hilo la kufungia. Akasema lakini mtu amelibeba. Nikampa kashata.

Jumatatu, 15 Juni

Nimekwenda shuleni mwenyewe. Shati jeupe, kofia, manukato.

Mwalimu Nasipwondi ni mwanamke mrefu mpole, sauti ya chini. Ameniamkia vizuri. Akasema Naomi amechangamka sana, anaimba hesabu hata chooni. Akasema anachotaka si watoto wakariri tu, bali waione ruwaza ya nambari.

Ruwaza! Nikaitikia kama mtu aliyekula ruwaza asubuhi hiyo. Akaendelea, ikabainika ni mpangilio, vile nambari zinavyofuatana kwa mwendo mmoja bila kukosa. Nikasema tangu ujana wangu mimi ni mtu wa ruwaza.

Akanionyesha uwanjani. Amepaka rangi miraba tangu moja mpaka mia, inajipinda kama nyoka. Siku ya wazazi watoto watatembea juu yake. Akaniuliza kama ningependa kuwajaribisha kidogo. Nikasema, kwa watoto wangu? Hakuna haja. Kitu kilichoiva hakionjwi mara mbili.

Nani anaingia getini? Odera. Shati jeupe, kofia, manukato. Amekuja kujitolea na treni yake. Mwalimu akatupatanisha: kundi la Mzee Odera litahesabu kumi kumi, kundi la Mzee Dzoro, yaani mimi, litahesabu tano tano. Tukapeana mikono mbele yake. Nilimbana vidole. Alinibana pia.

Jumanne, 16 Juni

Nimefanya usafi wa mtaa. Ndoo mbili za maji juu ya sakafu ya baraza, mahali penye treni. Uchafu ni uchafu.

Sikujua sakafu ile ina mteremko. Treni ya Odera iliyeyuka vizuri, lakini maji meupe ya chaki yalikimbia moja kwa moja chini ya mlango wa Bi Ruweida, yakakuta beseni la unga uliokandwa kwa mahamri ya jioni. Alitoka. Hakusema mengi. Alisema, "Mzee Dzoro, Kinango ni mbali?" Nikasema si mbali sana. Akasema, "Basi ni karibu mno."

Nimechota maji yake yote ya leo kisimani, na ya kesho pia, nikiwa na goti hili.

Odera amechora treni mpya. Ndefu kuliko ile.

Jumatano, 17 Juni

Naomi hayuko sawa. Hakuimba. Amekaa sakafuni na kopo lake la vizibo vya soda, anavipanga. Vitano anavisimamisha mstari mmoja, cha sita anakilaza kando. Tena vitano, cha sita kando. Halafu akavikusanya vile vya kando, akavihesabu, akavitazama muda mrefu kama mtu aliyeokota pete ya mtu.

Nikamgusa paji la uso. Hana homa.

Akasema, "Babu, nimejua gunia linakokwenda."

Nikamwambia vizuri sana mama, utaniambia baadaye, nilikuwa napiga pasi shati langu la Ijumaa na kola ilikuwa inanipa taabu. Akaanza tena. Nikamwambia Naomi, babu ana pasi ya moto mkononi. Akarudi kwenye vizibo vyake.

Kola imenyooka kama ubao.

Ijumaa, 19 Juni

Nitaandika yote.

Uwanja umejaa. Kina mama wamejifunika, kina baba wana simu juu. Janet alichukua ruhusa ofisini, amekaa mbele. Kingi kando yake. Bi Ruweida amekuja kwa ajili ya Sheikhan. Mimi na Odera kila mmoja upande wake, kama makocha.

Wakaanza kumi kumi. Oliver mbele, wenzake nyuma. Kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia. Filimbi. Makofi. Treni ni treni, haina utamu, lakini ilifika.

Wangu sasa. Naomi mbele, Sheikhan nyuma, mito begani. Niliwapungia. Naomi akanitazama kwa macho fulani ya huruma, sikuyaelewa.

"Moja! Mawili! Matatu! Manne! Matano! FUNGA! TANO!"

Wakasimama kwa kishindo. Juu ya mraba wa sita.

Baba mmoja mstari wa mbele akauliza kwa sauti, mbona tano ameikanyaga sita? Mkewe akamwambia nyamaza. Watoto wakaendelea. "FUNGA! KUMI!" Juu ya kumi na mbili. Watu wakaanza kucheka. "FUNGA! KUMI NA TANO!" Juu ya kumi na nane. Sasa walicheka mpaka walio getini wakaja kuona kuna nini. Janet alijifunika uso kwa mkoba. Odera hakucheka. Afadhali angecheka! Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, na kila kidole alikuwa ananitazama.

Nikasimama. Nikasema miraba imechorwa vibaya. Nikasema uwanja una mteremko. Mwalimu Nasipwondi akaniomba nikae, Mzee. Nikakaa. Niliiona Kinango. Nilimwona mbuzi wa Chirau, anaitwa Mashaka.

Hapo Naomi akaweka mto chini. Akarudi mwanzo wa miraba, peke yake. Akasema kwa sauti niliyokuwa siijui:

"Hii si ya tano. Babu ametufundisha ya sita. Hajui tu."

Akaruka. "Sita! Kumi na mbili! Kumi na nane! Ishirini na nne! Thelathini!" Hakuna mtu aliyecheka tena. Hakutazama kidole hata kimoja. Arobaini na mbili, hamsini na nne, sabini na mbili, sikuwahi kusikia nambari zikitembea hivyo. Akafika tisini na sita, akasimama, akaangalia mbele. Akasema: hapa ya sita haifiki mia, imebakisha nne. Anayetaka kufika mia lazima aondoe gunia la funga. Akarudi tena mwanzo, akaondoa funga, akaenda tano, kumi, kumi na tano, ishirini, mpaka mia. Mguu juu ya mia!

Mwalimu alipiga makofi wa kwanza. Akasema ya sita hajawafundisha bado, hiyo ni kazi ya mbele. Akamuuliza mtoto ni nani aliyemwonyesha ruwaza hii. Naomi akaninyooshea kidole.

Nilisimama nikainamisha kichwa, kushoto na kulia. Nikasema ndiyo ilikuwa nia yangu tangu mwanzo.

Janet alikuja macho yakiwa mekundu. Sijui kicheko, sijui kilio. Akasema, "Baba, utabaki. Ahadi ni ahadi. Lakini niahidi na wewe, usiguse hesabu tena ndani ya nyumba yangu."

Nikaapa. Mkono wa kulia juu.

Jumamosi, 20 Juni

Asubuhi hii gari la Kinango limeondoka bila mimi. Nimeiaga ile hewa safi.

Barazani, Odera alinisogezea kahawa. Tangu lini? Nikajua kuna jambo. Akauliza kwa upole, yakhe, kule ghalani, gunia lililokuwa likipita kwenye funga, alikuwa akiliandika nani?

Nikamwambia kufunga ni desturi ya dunia. Hata wiki! Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, kisha tatu, nne, Jumatano ya tano. Halafu? Alhamisi! Haina nambari. Siku ya kufungia! Wazee walioipanga wiki walikuwa watu wa ghalani.

Odera akafikiri. Akasema, na Ijumaa?

Nikamwambia Ijumaa watu wanapumzika, asinichanganye.

Akachukua kipande cha chaki. Akasema meli ikileta magunia elfu moja na mia mbili, wewe wallahi umeandika elfu moja. Mia mbili yako wapi, Dzoro?

Kahawa ikanipoa mdomoni.

Nikashika njia mpaka Liwatoni. Mtu anayeitwa Kiti yuko huko siku hizi, anapaka rangi mashua. Zamani alikuwa mkubwa wa mahamali wetu. Nikamuuliza wazi wazi: Kiti, gunia la funga lilikuwa linakwenda wapi?

Aliweka brashi chini. Akacheka mpaka akashika ubavu wa mashua. Akasema, "Mzee Dzoro! Kumbe hukujua? Sisi tulisema huyu ana roho ya kifalme, anatupa la sita kila fungu, na hasemi neno. Kila Ijumaa tulikuwa tunakuombea dua!" Wanne wao walijenga nyumba. Mmoja alioa mara mbili. Yeye mwenyewe alisomesha watoto saba.

Na mwenye ghala? Alilaumu panya. Sasa nakumbuka! Kila mwezi alikuwa akinunua paka. Mpaka naondoka ghala lile lilikuwa na paka thelathini na wawili, wote wanene, na marehemu akikaa katikati yao akiwatukana.

Nimerudi kwa miguu, nikifikiri sana. Nimelipima jambo hili pande zote, na nimefikia uamuzi. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Kosa ni la mahamali. Mtu anafunga fungu, wewe unapita! Wangesimama, kusingekuwa na matatizo.

Jumapili, 21 Juni

Emmah anafika leo. Janet na Kingi wamekwenda kumpokea Mwembe Tayari, basi la kutoka bara linaingia saa nne. Kwa karamu ya kumkaribisha, Janet aliagiza mahamri sitini kwa Bi Ruweida. Akaniambia: Baba, kazi yako ni kuyabeba tu. Kuyabeba, si kingine.

Nikayabeba. Lakini beseni lilikuwa jepesi. Mtu aliyefanya kazi ghalani hadanganywi na uzito, mkono wenyewe unajua.

Nikayamwaga mezani. Si kwa hesabu, kwa kuyaangalia. Moja, mawili, matatu, manne, matano, funga. Mpaka mwisho.

Hamsini!

Siku ya mgeni! Familia inaaibishwa kwa mahamri kumi! Nikateremka na beseni, Naomi nyuma yangu akinivuta shati, Babu, Babu. Nikamwambia Bi Ruweida, kwa heshima zote, kwamba ujirani ni ujirani lakini sitini ni sitini. Akanitazama. Akamtazama Naomi. Naomi alikuwa nyuma yangu, sijui alikuwa akifanya nini na mikono. Bi Ruweida akashusha pumzi ndefu, akachukua mahamri kumi kwenye kapu, akayatia ndani ya beseni langu moja moja. "Haya, chukua, we mzee. Uende nayo salama. Mungu akusitiri."

Nimeshinda! Mtu akijua haki yake haibiwi.

Nikapanda juu. Kwa tahadhari tu, nikayahesabu tena.

Hamsini na tisa.

Naomi amesema ni sabini. Ameyapanga meza nzima kwa kumi kumi, ananionyesha kwa kidole. Maskini mtoto, makofi ya Ijumaa yamemlevya. Kuanzia kesho narudi kumfundisha, Janet asijue.

Lakini lile moja nalijua lilipo. Nilipopita na beseni, Odera alikuwa barazani na mdomo umejaa. Alisema ni kashata.

Nasikia teksi inaingia kichochoroni, sauti ya Janet, sauti ya msichana mgeni inacheka. Lazima nimkamate Odera kabla hajameza. Naweka kalamu. Nateremka vidato viwili viwili, maana nina haraka.